Nywele zangu nyekundu zimegeuka rangi mbili: nizipunguzeje rangi nyumbani kwa pesa kidogo?

Dada mshauri, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika mwenyewe kwa sababu kila ninalolifanya linazidi kuharibu mambo. Nywele zangu kwa asili ni za kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, na zinafika mabegani. Nimezipima kwa rula nikapata sentimita 35. Mwaka huu nilianza kuzipaka rangi nyekundu ya kudumu, ile ya boksi, na kila ilipofifia niliipaka tena kichwa kizima, kwa hiyo nadhani nimeipaka mara nne au tano. Mara ya mwisho ni kama miezi mitatu iliyopita. Mwanzoni niliipenda mno. Sasa nimeichoka, na zaidi ya hapo, baada ya wiki sita nitaanza kazi mpya ambako wamenieleza wazi kwamba wanataka nywele za rangi iliyotulia.

Wiki mbili zilizopita nilinunua boksi la rangi ya kahawia hafifu nikiamini kwamba itaifunika nyekundu na kuzifanya nywele ziwe nyepesi kidogo. Nilifuata maelekezo na kusubiri dakika zote zilizoandikwa. Nilipoosha na kukausha, nikakuta sentimita tatu za karibu na ngozi ya kichwa zimekuwa rangi ya chungwa inayong'aa, ilhali urefu wote uliobaki haukubadilika hata kidogo. Nikitenga nywele kwa kitana, mpaka kati ya rangi hizo mbili unaonekana kama umepigwa kwa rula.

Saluni niliyoiuliza ilinitajia gharama ambayo siwezi kuilipa kabla ya mshahara wa kwanza. Nyumbani ushauri umekuwa mwingi. Dada yangu anasema nichanganye maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na shampuu, kwa hoja kwamba blichi zote ni zile zile. Rafiki yangu anataka ninunue unga wa blichi na developa kali kabisa, ya asilimia 12, ili nimalize kazi kwa siku moja. Jirani anasema ndimu na jua vinatosha. Sijawahi kuweka dawa ya kulainisha nywele. Miaka miwili iliyopita nilipaka hina ya pakiti mara moja, lakini nadhani hiyo imeshapita.

Naomba uniambie ukweli, dada: je, ninaweza kulifanya jambo hili nyumbani kwa pesa kidogo bila kupoteza nywele zangu, na kama ndiyo, nianzie wapi?

Ndimi mdogo wako, msomaji.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umeandika kabla ya kujaribu jambo la tatu, kwa maana nywele zako bado zinaokoleka. Jibu la swali lako ni ndiyo, unaweza, lakini si kwa siku moja, na si kwa kuanza na blichi. Wiki sita ulizonazo zinatosha iwapo utakubali kwamba unakokwenda ni kahawia ya wastani iliyotulia, si rangi ya dhahabu.

Kwanza niliondoe lile la hatari. Maji ya klorini ya kufulia hayaingii kichwani kwa kipimo chochote, hata yakizimuliwa, hata kwa dakika moja. Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini, na kemikali iliyo ndani ya maji yale, sodiamu haipokloraiti, huiyeyusha keratini yenyewe. Ndiyo maana maji hayo hayo huzibua mabomba yaliyoziba kwa nywele. Pia huunguza ngozi ya kichwa, yakiruka jichoni yanaweza kuliharibu, na yakikutana na amonia iliyomo katika rangi nyingi za nywele hutoa gesi yenye sumu. Blichi ya nywele ni kitu kingine kabisa, ingawa majina yanafanana. Mwambie dada yako kwa upole, lakini mwambie leo, asije naye akamshauri mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye kilichotokea kichwani kwako, kwa sababu ukikielewa hutarudia kununua boksi lisilokufaa. Rangi ya kudumu huingia ndani ya unywele ikiwa katika chembe ndogo ndogo. Amonia, au kitu kinachofanya kazi kama yake, hufungua magamba ya nje ya unywele, halafu haidrojeni peroksaidi, ambayo katika boksi huitwa developa, hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupunguza kidogo rangi ya asili, na huzifanya zile chembe ndogo zishikane ziwe kubwa kiasi cha kutoweza kutoka tena kirahisi. Ile kahawia hafifu uliyopaka ilikuta hali mbili tofauti. Karibu na ngozi kulikuwa na sentimita tatu za nywele mpya, matunda ya miezi mitatu ya kuota, ambazo hazikuwa na rangi yoyote ya dukani. Hizo ilizipunguza, na joto la kichwa likaharakisha kazi, ndipo likaibuka chungwa ambalo hujificha ndani ya kila unywele mweusi au wa kahawia. Lakini kwenye urefu ilikuta tabaka nne au tano za nyekundu iliyokwisha kushikana, na hapo ilikuwa haina uwezo. Wasusi husema rangi haiinui rangi, yaani rangi mpya haiwezi kuifanya iwe nyepesi ile ya dukani iliyokwisha kuingia. Nimelisikia neno hilo tangu siku yangu ya kwanza saluni na sijaona kichwa kilicholikanusha.

Kutokana na hilo, pesa yako ndogo isiende kwanza kwenye kung'arisha nywele. Iende kwenye kuitoa ile nyekundu. Watu wengi hutumia pesa kwa mpangilio wa kinyume: hununua blichi mara mbili au tatu, kisha hununua dawa za kutibu nywele zilizokatika, na mwishoni hulipa saluni ile ile waliyoikimbia.

Kabla ya yote, nirudi kwenye ile hina uliyoitaja kwa kupita tu, kwani ndiyo iliyonishtua zaidi baada ya klorini. Unasema imeshapita. Nywele huota kama sentimita moja au zaidi kidogo kwa mwezi, kwa hiyo tangu miaka miwili iliyopita zimeota kama sentimita 24 hadi 30. Zako ni sentimita 35. Maana yake ni kwamba sentimita tano mpaka kumi na moja za mwisho zilikuwepo siku ile ulipopaka hina, na bado zinayo. Hina safi ya majani haina hatari, ila ni ngumu kuitoa. Baadhi ya hina za pakiti, hata hivyo, huchanganywa na chumvi za metali ili zitoe rangi ya kukoza, na chumvi hizo zikikutana na peroksaidi nywele zinaweza kupata joto kali, kutoa mvuke na kukatika papo hapo. Rangi ulizopaka baadaye zina peroksaidi na hukutaja tatizo, na hiyo ni dalili njema, lakini mchanganyiko wa blichi ni mkali kuliko wa boksi la rangi. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni mkasi. Ukikubali kukata sehemu hiyo ya ncha utakuwa umeiondoa hina, na pia umeondoa sehemu iliyobeba nyekundu kwa wingi zaidi na iliyo kavu kuliko zote. Najua kukata kunauma. Nimewahi kusimama nyuma ya kiti na mkasi mkononi nikisubiri mtu aamue, na sikumharakisha, wala wewe sikuharakishi. Ila usipokata, usiguse blichi mpaka ufanye jaribio nitakaloeleza mbele.

Sasa kazi yenyewe. Kwa siku kumi za mwanzo, tumia shampuu kali ya kusafisha, au ile ya kuzuia mba, kila baada ya siku mbili au tatu, kwa maji ya vuguvugu kuelekea moto kiasi ambacho ngozi yako inastahimili. Nyekundu ni miongoni mwa rangi zinazofifia upesi kwa kuoshwa, na bila shaka umekwisha kuona povu la waridi likishuka na taulo likibaki na madoa. Ulilokuwa ukilichukia wakati ule sasa linakusaidia. Katika siku hizo, fanya mara moja au mbili mchanganyiko wa vitamini C: ponda vidonge vyeupe vya kawaida, vile vya bei ndogo, mpaka upate vijiko viwili vya chakula vya unga, changanya na shampuu mara mbili ya kiasi hicho, paka kwenye nywele zilizoloa, funika kwa kofia ya plastiki na uache kwa nusu saa hadi saa moja. Ngozi yako ikiwa na mikwaruzo itawasha, basi subiri ipone kwanza. Usitarajie muujiza: rangi ya kudumu haitatoka yote kwa njia hii, bali ukali wake utapungua, na hiyo ni hatua moja mbele ambayo hukuilipia karibu chochote. Kila ukiosha, malizia kwa kondishena nzito, kwa maana njia zote hizi hukausha.

Ndimu na jua uachane navyo. Vinakausha nywele na kuwasha ngozi, na nyekundu ya kudumu haitikisiki. Magadi ya kupikia nayo hukwaruza magamba ya unywele pasipo faida inayolingana na madhara.

Baada ya siku kumi, nunua kiondoa rangi. Soma boksi vizuri, kwa sababu unatafuta kile kilichoandikwa kwamba hakina blichi na kwamba kinatoa rangi ya kudumu. Hicho hakichubui rangi ya asili. Huzivunja zile chembe kubwa zilizoshikana zirudi kuwa ndogo, kisha maji yanazisomba. Chumba kitanuka yai viza, kwa hiyo fungua madirisha na usishtuke, hiyo ni harufu ya salfa iliyomo. Kinapakwa kwenye nywele kavu zilizo safi, zisizo na mafuta, kwa muda ulioandikwa na kampuni, nacho hufanya kazi vizuri zaidi kichwa kikiwa na joto chini ya kofia ya plastiki.

Hapa nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Kazi ya kiondoa rangi haimo katika kupaka. Imo katika kusuuza. Zile chembe zilizovunjwa bado zimo ndani ya unywele, na zikibaki humo hewa na peroksaidi huzishikanisha upya, nywele zinarudi kuwa nyekundu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilimsuuza mtu dakika tano nikaona maji yamekuwa meupe nikaridhika. Aliondoka na nywele za rangi ya asali. Alirudi kesho yake akiwa amefunga kitambaa, akakifungua bila kusema neno, na nyekundu ilikuwa imerudi yote. Nilimrudishia pesa yake, na tangu siku hiyo natazama saa. Suuza kwa muda wote ulioandikwa kwenye boksi, ambao mara nyingi ni dakika 15 mpaka 20 au zaidi, chini ya maji yanayotiririka, ukizigawa nywele kwa vidole ili maji yafike ndani. Kama kuna hatua ya pili kwenye boksi, usiiruke. Kisha kaa siku mbili au zaidi bila kupaka chochote chenye peroksaidi, uone rangi iliyotulia ni ipi hasa.

Usikate tamaa ukikuta chungwa. Peroksaidi iliyokuwa katika zile boksi za nyekundu ilikuwa imeipunguza rangi yako ya asili kila mara, na kiondoa rangi hakiwezi kuirudisha. Lakini angalia vizuri: chungwa la urefu sasa litakuwa limekaribia lile la karibu na ngozi, na ule mpaka unaokukera utakuwa umelegea. Ikiwa bado kuna nyekundu nyingi na nywele zako bado zina nguvu, unaweza kurudia kiondoa rangi mara moja baada ya wiki moja.

Wengi humaliza kazi hapa bila kugusa blichi kamwe, nami natumaini utakuwa mmoja wao. Iwapo urefu umebaki mwekundu kabisa, ndipo tunapofikiria kuosha kwa blichi, yaani blichi iliyozimuliwa kwa shampuu: kipimo kimoja cha unga wa blichi ya nywele, vipimo viwili vya developa ya asilimia 6, na vipimo viwili vya shampuu, katika bakuli la plastiki, usitumie la metali. Ile ya asilimia 12 anayokuambia rafiki yako haiharakishi kazi kwa faida yako. Inaifikisha nywele mahali pa kukatika kabla nyekundu haijatoka, na juu ya ngozi inaweza kuacha malengelenge. Mchanganyiko huu uupake kwenye urefu pekee, ukiziacha zile sentimita tatu za chungwa, kwani ukizigusa zitakuwa za njano na utakuwa umerudisha tatizo la rangi mbili. Vaa glavu, acha dirisha wazi, usiweke joto la drai, tazama kila dakika tano na usivuke dakika 20. Mchanganyiko utakaobaki umwage kwa maji mengi. Usiufunge kwenye chupa, kwa sababu huendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Nami nawaambia pia wanaosoma barua hii wakiwa na nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha: hatua hii haiwahusu. Dawa ile imekwisha kuudhoofisha unywele, na blichi juu yake humaliza kilichobaki.

Jaribio nililoahidi ni hili, na lifanyike kabla ya blichi na kabla ya rangi yoyote. Kata nywele chache kutoka mahali pasipoonekana, nyuma karibu na shingo, ukihakikisha ncha zake zimo. Ziweke katika kijiko kimoja cha mchanganyiko ule ule utakaoutumia, ndani ya chombo cha glasi au plastiki, na uangalie. Zikitoa mvuke, zikichemka au chombo kikipata joto lisilo la kawaida, zina metali, na safari ya blichi imeishia hapo. Zikitulia, ziache dakika 20, zioshe, kisha vuta unywele mmoja uliolowa kwa vidole viwili. Ukinyooka kidogo na kurudi, una afya. Ukinyooka kama mpira uliokwisha na usirudi, au ukakatika, basi nywele zako zinakuomba uziache. Vilevile, saa 48 kabla ya rangi yoyote, pakaza tone dogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko kama boksi linavyoelekeza, hata kama umezoea rangi, kwa sababu mzio wa rangi za nywele unaweza kuanza wakati wowote kwa mtu aliyezipaka miaka mingi.

Hatua ya mwisho ndiyo itakayokupa nywele za kwenda nazo kazini. Rangi huzimana kwa jozi: kijani huzima nyekundu, bluu huzima chungwa, zambarau huzima njano. Kwa kuwa utabaki na chungwa lenye wekundu kidogo, kahawia ya kawaida au ya dhahabu itawaka tena. Unahitaji kahawia yenye mwelekeo wa majivu, ambayo ndani yake imewekwa bluu au kijani. Kwenye boksi nyingi namba ya kwanza huonyesha kina cha rangi, kuanzia 1 ambayo ni nyeusi hadi 10 ambayo ni nyepesi sana, na namba inayofuata baada ya nukta huonyesha mwelekeo. 1 baada ya nukta mara nyingi ni majivu, lakini kampuni hazifanani, hivyo soma pia maneno. Nywele zilizotoka kwenye kiondoa rangi hunywa rangi kwa pupa na kukoza kuliko picha, kwa hiyo ukitaka kufikia 5, nunua 6. Kukiwa na rangi ya kudumu kwa muda tu, ile yenye developa hafifu, ichague hiyo: haitazichubua tena nywele mpya, na ukikosea itafifia yenyewe. Paka kwanza kwenye urefu, kisha karibu na ngozi dakika kumi baadaye, uepuke kosa lile lile la joto la kichwa.

Ukihesabu manunuzi yote, utakuta ni vidonge, shampuu, kondishena, kiondoa rangi na boksi moja la rangi. Kama pesa haitoshi hata kwa hayo, ruka kiondoa rangi, kata ncha, osha kwa vitamini C kwa wiki mbili, kisha paka kahawia ya majivu ya namba 4 kichwa kizima. Itakuwa imekoza kuliko ulivyotamani na wekundu utachungulia juani, lakini itakuwa rangi moja, nawe utaingia kazini bila mtu kukutazama mara mbili. Kupunguza kutasubiri mshahara.

Leo hii usinunue chochote. Chukua rula usimame mbele ya kioo, pima kuanzia kwenye ngozi mpaka sentimita 24, funga uzi mahali hapo, utazame kilichobaki chini ya uzi. Ukishaamua kuhusu mkasi, anza na shampuu.

Dada yako, mshauri.